Kamera ya Binti Yangu na Ng'ombe wa Mkwe

Mimi si mtu wa safari. Tangu nimalize kidato cha nne na kurudi Kanyangi na cheti changu ndani ya bahasha, nimetoka nje ya lokesheni yetu kwa sababu tatu tu: kuoa, kuzika, na kununua uzi. Wenzangu wa darasa walienda Nairobi, wengine Mombasa, wakawa makarani, wakawa wanarudi Krismasi na redio mabegani. Mimi niliweka cherehani barazani, nikageuza kiti kitazame njia, nikawa nawaona wote wakienda na wakirudi bila mimi kulipa nauli. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu ukimtafuta usiulize yuko wapi. Uliza kama ameamka."

Kwa hivyo siku niliyopanda basi kwenda Kitui mjini kununua kamera, watu wa sokoni walisimama kutazama. Mmoja aliuliza ni nani amekufa.

Kamera haikuwa yangu. Ilikuwa ya binti yangu wa kwanza, wakati huo ana miaka kumi na sita, kidato cha pili. Shuleni kwao kulikuwa na mwalimu mwenye kamera, na siku moja alimpa aishike wakati yeye akiwapanga wanakwaya mistari. Aliishika labda dakika kumi. Aliporudi nyumbani likizo hakuwa na hadithi nyingine. Alikuwa akitembea na kisanduku cha kiberiti jichoni, jicho la pili amelifumba, akipiga kuku picha.

"Kamera ni ya wanaume wenye pikipiki," nilimwambia. Kila Jumapili, watu wakitoka kanisani, kulikuwa na kijana aliyekuja na pikipiki kutoka Kwa Vonza kupiga watu picha kando ya ukuta. "Wewe yako utaifunga wapi?"

"Shingoni, Baba. Yangu haitaki petroli."

"Mnunulie," mke wangu akasema kutoka jikoni. "Huyu akizoea kukaa hapa atakuwa kama wewe, na baraza haitoshi watu wawili."

Binti alikuwa na mbuzi wake mmoja, aliyepewa na babu yake wa Kalamba, yaani baba mkwe wangu. Mvua zilikuwa zimekosa mara ya pili, na yule mbuzi alikuwa anazidi kuwa mifupa na masikio. Tulimuuza angali anaweza kusimama mwenyewe. Ndiye aliyenunua kamera.

Fundi alikuwa mtu wa familia iliyotoka pwani zamani, kabla mimi kuzaliwa. Duka lake lilikuwa nyuma ya msikiti: saa, redio, taa za karabai, na kwenye rafu ya juu kamera moja nyeusi, imeng'aa kwenye pembe kama sufuria iliyosuguliwa miaka mingi. Nyuma ya pazia alikuwa na chumba cha giza alimooshea picha.

"Hii ililetwa kwangu maiti," alisema, akaifuta kwa kitambaa. "Mtu aliiangusha mtoni. Nimeifungua yote, nimeikausha, springi nimebadilisha, kioo nimekisafisha. Na hili pazia la ndani lilikuwa limetoboka, nimelitia kiraka. Sasa yapumua."

Neno kiraka lilinipendeza. Nilitaka kuona mshono.

"Si mshono, mzee wangu. Ni gundi."

"Basi hakitakaa."

"Wewe washona suruali. Suruali huinama. Kamera hainami."

Binti yangu alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja. Fundi akatia filamu ya kwanza yeye mwenyewe, akiwa ametugeuzia mgongo, kwa hivyo mimi niliona kofia yake tu. Alipogeuka alimwita msichana karibu.

"Tazama hapa, mwanangu. Kila ukivuta mkono huu, hiki kifundo cha upande wa pili chatakiwa kizunguke. Kikizunguka, filamu yatembea. Kisipozunguka, wapiga hewa. Usimwamini mtu. Amini kifundo."

"Nimesikia, mwalimu."

"Na huyu mzee amesikia?"

"Nimesikia," nilisema. Nilikuwa natazama pindo la pazia lake, lililokuwa limeshonwa na mtu mwenye haraka.

Ile filamu ya kwanza, mama yake alipoipeleka Kitui kuoshwa, ilitoka vizuri. Kuku walitoka. Mke wangu alitoka amejificha uso na ungo. Mimi nilitoka kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, macho yamefungwa, kama mtu anayeombea suruali. Majirani walikuja kuangalia wakasema picha ni nzuri, ila ya baba imeonyesha ukweli.

Mimi nami nikaona ni lazima nitoe mchango wangu. Nilikuwa na ngozi ya ndama wa mwaka uliotangulia, laini, nimeikausha vizuri. Niliishonea kamera kifuko. Uzi mara mbili, nimeupaka nta, pembe nimezikunja ndani. Niliacha nafasi ya jicho la kamera, ya kitundu cha kuchungulia, ya kidude cha kubonyeza na ya mkono wa kuvuta. Upande wa pili niliufunika wote.

"Baba, kifundo hakionekani."

"Na vumbi nalo halitaingia. Chagua."

Alichagua kunyamaza, kwa sababu alikuwa ameona jinsi nilivyokipenda kile kifuko. Hiyo ndiyo adabu ya kwetu, na mara nyingine adabu hiyo huumiza watu.

Sasa nieleze jambo la ng'ombe, kwa sababu bila hilo hakuna hadithi.

Kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote boma moja. Wengine huwapeleka kwa mkwe, wengine kwa rafiki ng'ambo ya mto, ili ugonjwa ukija usimalize kila kitu. Anayetunza hunywa maziwa, mwenyewe huhesabu ndama. Na mmoja akifa, mtunzaji hubeba ngozi yake, na masikio yakiwemo, mpaka kwa mwenyewe. Mwenyewe anaangalia alama kwenye sikio, anasema pole, mambo yameisha. Ukienda bila ngozi, umeuza ng'ombe wa watu. Hakuna mahali pengine pa kujitetea. Baba mkwe wangu wa Kalamba alikuwa ameweka kwangu ng'ombe wake wanne. Mjane wa jirani yetu, mama mmoja aliyebaki peke yake na punda na deni la huzuni, alikuwa akitunza mitamba wawili ya binamu wa marehemu mumewe, mfanyabiashara wa Kwa Vonza.

Mwaka ule ng'ombe walikuwa wanakula karibu na ardhi kiasi kwamba walikuwa wanakula ardhi yenyewe. Asubuhi moja nilikuta mmoja wa wale wanne amelala, damu nyeusi puani. Siku ya pili wawili. Kufikia mwisho wa wiki, kila boma kwenye kilima chetu lilikuwa na mzoga, na wa mkwe wote wanne walikuwa wamelala. Ofisa wa mifugo akaja na askari wawili akatuambia jina la ugonjwa: kimeta. Hakuna kuchuna. Hakuna kula. Hakuna kitu chochote cha ng'ombe kuvuka mto. Kesho saa sita mchana wote wanachomwa shimoni.

Ukumbuke watu wakati huo tulikuwa tunakula mahindi ya njano ya msaada, yale yaliyokuwa yakinuka gunia. Na nyama iko pale chini, na huwezi kuigusa.

Mzee mmoja aliuliza, "Na ngozi?"

"Ngozi ndiyo yenye ugonjwa," ofisa akasema.

"Mwenye ng'ombe nitamwambia nini?"

"Mwambie ni amri ya serikali."

"Serikali ina sikio lenye alama nimpelekee?"

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo binti yangu, aliyekuwa amesimama nyuma pamoja na mama yake, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nina kamera."

Wazee walikaa kando wakazungumza. Walirudi na masharti, kana kwamba desturi ya picha ilikuwa imekuwepo tangu zamani: mtunzaji asimame kichwani pa ng'ombe, uso uonekane, sikio liinuliwe kwa kijiti, alama ionekane, na nyuma kionekane kilima, ili mtu asiseme ni ng'ombe wa kwingine. Walimwangalia msichana wa miaka kumi na sita kama wanavyomwangalia mtu mzima. Nilijaa kifua mpaka vifungo vikalalamika.

Filamu mpya ilikuwepo, tumeiweka ndani ya debe la unga. Asubuhi yake binti aliiweka juu ya meza yangu ya kushonea, kamera kando, akaniambia, "Baba, naenda na mama kuona ng'ombe wamelala wapi na wapi. Nikirudi nitaitia. Usiguse."

Sasa mwambie mshonaji asiguse kitu kilicho juu ya meza yake. Niliitoa kwenye kikopo. Niliona ncha yake kwa mara ya kwanza, maana ile ya kwanza fundi aliitia akiwa amenipa mgongo. Ncha ilikuwa imekatwa vibaya. Nusu ya upana imeondolewa, imebaki kitu chembamba kilichopinda, kama kola iliyokatwa na mtu aliyeitwa kula katikati ya kazi. Nikasema moyoni, hawa watu wa kiwanda hawana mkasi. Nikachukua mkasi wangu wa kitambaa, nikainyoosha. Mkato mmoja. Ilinyooka kama rula. Kile kipande kikaangukia kwenye mkebe wa vifungo.

Kisha nikaona nimalize kazi kabisa. Nilifungua kamera mgongo, nikaweka filamu mahali palipofanana nayo, nikaisukuma ncha kwenye ufa wa kile kijiti cha kuvingirishia. Ilikuwa pana, haikutaka kuingia. Niliibembeleza kama unavyobembeleza mpira kwenye kiuno cha suruali. Nusu iliingia. Nikafunga, nikavisha kifuko changu.

Binti alirudi anahema.

"Nimeshakutilia," nilisema.

Alisimama. "Baba. Nilisema usiguse."

"Umechelewa na jua linapanda. Nimekusaidia."

"Umeona imeshika?"

"Imeshika kama kifungo cha koti."

Aliniamini. Fundi alikuwa amemwambia asimwamini mtu, lakini hakumwambia asimwamini hata baba yake.

Asubuhi ile bado naiona. Tulitoka boma moja hadi lingine, nzi wametutangulia. Watu walikuwa wamevaa nguo za Jumapili, kwa sababu ni picha. Mjane alikuwa na gauni lake la kanisa la kola ya buluu, amejipaka mafuta, amesimama kichwani pa mtamba aliyevimba, kijiti mkononi, ameinua sikio. Mzee mmoja alipoona kamera inamwelekea akatoa meno yote.

"Mzee, usicheke," binti alimwambia.

"Sicheki, mwanangu. Ndivyo nilivyofundishwa kusimama."

Akajaribu kununa. Ilimshinda, akaanza kulia, na binti akangoja mpaka akamaliza. Hakumharakisha. Alipiga magoti kwenye vumbi, akapiga, akavuta mkono wa kamera, akahamia kwa mwingine. Nilimbebea mwavuli asipigwe na jua. Mtu akaniuliza kama nimeajiriwa.

Ile filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita. Kisahani cha kuhesabia kilifika thelathini na sita tukiwa bado na boma la mwisho. Akavuta mkono, ukavutika. Akapiga. Akavuta tena, ukavutika tena. Akaishusha kamera.

"Baba, ile ya kwanza ilikuwa imekataa hapa."

"Hii ni ya baraka," nilisema, mbele ya watu. "Mwaka wa shida Mungu huongeza."

"Amina," wakasema wengine. Aliendelea hadi arobaini na moja. Mimi ndiye niliyewaeleza askari kwamba kamera iliyotengenezwa upya na fundi mzuri hutoa zaidi ya mpya. Saa sita wakamwaga mafuta ya taa. Moshi ulikaa kilimani siku tatu, na harufu ile, ukiwa na njaa, mate yanakutoka.

Nilijitolea kupeleka kamera Kitui mwenyewe. Safari ya pili katika mwaka mmoja! Mke wangu alisema nitaugua.

Fundi aliingia nayo nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa ameshika utepe wa filamu kwa vidole viwili, akaunyoosha mlangoni kwenye mwanga. Ulikuwa mweupe, unaona msikiti kupitia kwake.

"Mzee wangu, hii haikutembea hata hatua moja. Ililala ndani ya kibweta chake tangu mwanzo mpaka mwisho."

Akaushika mwisho wake, akanionyesha.

"Na hii ncha, nani kaikata? Ule wembamba wake ndio unaoingia kwenye ufa."

Nilikuwa na nafasi pale. Mtu mmoja tu, tena si wa kijiji chetu, na ningeweza kusema ukweli bila kunigharimu hata kikombe cha chai.

"Watoto," nilisema. "Si unajua watoto."

Alitazama kifuko changu, mahali nilipofunika kifundo. Akakigusa mshono kwa kidole. "Hiki kimeshonwa na bingwa," alisema, akanirudishia. Sikujua kama ni sifa, na sikuuliza.

Nyumbani binti alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ananingoja njiani.

"Zimetoka?"

"Hazikutoka."

"Hata moja?"

"Hata moja. Amesema filamu haikutembea."

Alichukua kamera, akaigeuza. "Kifundo," akasema. "Aliniambia niangalie kifundo. Sikuangalia."

Ningemwambia kwamba kilikuwa kimefunikwa. Badala yake niliketi nikaanza kutunga uzi kwenye sindano, na ukakataa kuingia, na nikajifanya hilo ndilo tatizo.

Alienda boma kwa boma siku iyo hiyo, peke yake, akawaambia. Sikumtuma. Baadhi walimwambia si kitu. Wengine walisema walijua tangu mwanzo, kwamba kitu cha kuchezea hakiwezi kuwa shahidi. Yule mzee wa meno alimwambia, "Basi mimi nililia bure," na nadhani hilo lilimuuma kuliko matusi.

Mfanyabiashara wa Kwa Vonza hakuchelewa. Alikuja na pickup kutafuta ngozi mbili. Mjane alimweleza, majirani wakamweleza, akasikiliza akiwa amekunja mikono. Alisema amesikia bucha moja ilikuwa na nyama ya bei nafuu mwezi ule. Alisema mjane asiye na mtu wa kumwogopa ndiye huuza vya watu. Aliondoka na punda. Mjane hakupiga kelele. Alimfuata punda mpaka barabarani, akamfungua kamba ya shingo iliyokuwa yake, akarudi nayo.

Bila punda, maji yalikuwa kwenda na kurudi kwenye mchanga wa mto, mwendo wa asubuhi nzima. Mama yule alikuwa na mguu mbovu. Kesho yake nilimwona binti yangu akipita mbele ya baraza na mtungi wa plastiki mgongoni, ukambaa kwenye paji la uso, si kuja kwetu, bali kwenda kwa mjane. Alipita kesho, na kesho kutwa. Kila siku alinisalimia, "Baba, umeamkaje?" nami nikajibu, "Vizuri," na mguu wangu ukaendelea kukanyaga cherehani. Nilishona sana wakati ule. Sikumbuki nilishona nini.

Kisha mkwe akaja kutoka Kalamba. Alikuwa mzee mrefu, mwenye maneno machache. Alikunywa uji, akaweka kikombe chini.

"Mkwe, nimekuja kuona ngozi zangu."

Nilianza kueleza. Kimeta, ofisa, shimo. Maneno yangu yalikuwa mengi mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuyatilia shaka. Aliniacha nimalize.

"Na picha nilizosikia?"

Binti alikuwa mlangoni. Aliingia, akapiga magoti mbele ya babu yake. "Umau, babu yangu, ni mimi niliziharibu," alisema. "Niliambiwa niangalie mahali fulani, nikasahau. Ng'ombe walikufa. Niliwaona wote wanne. Yule mwekundu alikuwa na ndama tumboni."

Mzee alimtazama. "Huyu bado hajajifunza kudanganya," akasema. "Ng'ombe wangu wamekufa. Mambo yameisha." Halafu akanigeukia mimi. "Ungeniambia wewe peke yako, mkwe, ningetaka ngozi."

Watu wote waliokuwa pale walicheka. Mimi pia nilicheka. Nimecheka mambo mengi maishani ya kujicheka, lakini kile kicheko bado nakisikia.

Ilikuwa kama wiki tatu baadaye. Alikuwa anajiandaa kurudi shuleni, na blauzi yake ilikosa kifungo. Nilimwambia atafute kwenye mkebe. Nilisikia vifungo vikigongana, kisha vikanyamaza. Sikuinua kichwa mara moja. Nilipoinua, alikuwa ameweka kitu juu ya bamba la cherehani, chini ya sindano, pale pale ningekanyaga. Kipande cheusi, chembamba, kimepinda upande mmoja. Upande wa pili kimenyooka kabisa.

"Baba, ulikata vizuri," alisema. "Imenyooka."

Alichukua mtungi, akaenda mtoni.

Mke wangu alitoka jikoni, akaona kipande, akaniona mimi. "Ni nini hicho?" Nikamwambia yote, toka mkasi mpaka "watoto". Nilingoja mzaha wake. Miaka yote ile hakuwahi kukosa. Alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa, na baadaye akasema tu, "Na ulimwona akipita kila siku."

Nilivaa viatu. Nyumba ya mjane haifiki mwendo wa nusu saa, na tangu mazishi ya mumewe nilikuwa nimeikanyaga mara moja tu, asubuhi ya picha. Nilimkuta akipepeta yale mahindi ya njano. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti.

"Kwa hivyo mtoto hakukosea," alisema.

"Hakukosea."

"Na amenichotea maji siku ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nimehesabu." Akaendelea kupepeta. "Kesho yeye akae. Uje wewe. Na uje na ukambaa wa kichwani kama yeye, si begani kama mtu anayejipitia."

Kwetu mwanaume habebi maji kwa ukambaa. Nilibeba. Njia nzima ya mtoni niliulizwa, "Mama, mto una maji leo?" Mtoto mmoja alinisaidia kushusha mtungi akaniita susu, nyanya. Shingo iliniuma vibaya, na nilifurahi iwe inauma, kisha nikaona hata kufurahi huko ni kujipendelea. Mjane alikuwa akipokea mtungi, anapima kwa jicho kama umejaa, na hakuniambia asante, wala sikustahili.

Nilienda mpaka Kwa Vonza pia. Yule mfanyabiashara alinisikiliza akiwa ameegemea mizani.

"Wewe ni fundi wa nguo," alisema. "Nikikuletea suruali isiyo na miguu, nikuambie miguu ilikuwepo, nayo imeungua, utaniamini?"

"Ni mimi nilikata ile filamu. Naapa."

"Basi umeapa. Leta ngozi."

Punda alikuwa ameshauzwa, hata hakujua yuko wapi. Nilirudi kwa mguu kipande kikubwa cha njia. Mpaka mjane anaondoka duniani, kuna watu kwenye kilima chetu waliokuwa wakisema, si kwa ubaya, "yule aliyeuza mitamba". Niliwasahihisha kila niliposikia. Walikubali kwa heshima, wakaendelea.

Kamera ilining'inia kwenye msumari muhula mzima. Binti aliporudi likizo aliichukua bila kuniomba ruhusa, akachukua na mkasi wangu wa kitambaa, akakata tundu kwenye kifuko mahali kifundo kilipo. Ngozi inaharibu mkasi wa kitambaa. Kila mshonaji anajua hilo, na yeye ni mtoto wa mshonaji. Alikata taratibu, mbele yangu, tundu la mviringo lisilo sawa, akaacha kingo hivyo hivyo bila kupinda.

"Nikushonee kingo?" nilimuuliza.

"Wacha tu."

Alitia filamu yeye mwenyewe, amenipa mgongo. Akavuta mkono, akainamisha kichwa, akachungulia kwenye tundu mpaka akaona kifundo kimezunguka. Kisha akatoka kwenda kwa mjane, akampiga picha amesimama mlangoni, na gauni lake la kanisa. Picha hiyo ilitoka. Mjane aliiweka kwenye Biblia yake, na watu waliokuja kumtembelea aliwaonyesha, akisema mahali pale, kando ya mkono wake wa kulia, ndipo punda alipokuwa akifungwa.